Msitu Ulipobaki: Kutoka Mississauga Hadi Miamba ya Kaskazini

Kanada ina karibu asilimia 9 ya misitu yote ya dunia. Jimbo lake la Ontario peke yake lina hekta milioni 71 za misitu, sawa na asilimia 66 ya eneo la jimbo zima. Mji wa Mississauga umo ndani ya Ontario, umepakana na Toronto kwa upande wa magharibi, na ndiko anakoishi dada yangu na mumewe na watoto wao. Mimi ni mtu wa Shinyanga. Kwetu wasichana walikuwa wakitoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua likiwa limeshawaka, na kiangazi kikikolea ng'ombe walikuwa hawana la kutafuna. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kwenda kuwasalimu, shauku yangu kubwa, baada ya kuwaona wapwa zangu, ilikuwa kuuona huo msitu.

Uwanja wa ndege wa Pearson karibu wote umo ndani ya mipaka ya Mississauga, na Malton, kitongoji anachokaa dada, kiko ubavuni mwake kabisa. Njia nzima tuliyopita ilikuwa ya maghala, maegesho ya malori na barabara zenye njia nyingi zinazopandana. Tulipofika mitaani nikaona nyumba zilizopangwa vizuri, nyasi zilizofyekwa, na miti michache, mingine bado michanga imefungwa kwenye vigingi. Nikamwuliza shemeji, huo msitu uko wapi?

"Shemeji, msitu wa hapa usiutafute juu," akaniambia. "Uko chini. Tutashuka mtoni."

Alisema kweli. Mississauga ni mji wa watu zaidi ya 700,000, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 1974 baada ya kuunganishwa miji midogo na vijiji, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni tambarare iliyokuwa mashamba. Lakini katikati yake unapita Mto Credit, wenye urefu wa karibu kilomita 90, ukitokea vilima vya kaskazini na kumwaga maji yake kwenye Ziwa Ontario pale Port Credit. Mto huo umechimba bonde refu. Ukiwa juu, kwenye barabara ya Dundas, huoni ila maduka na vituo vya mafuta. Ukishuka ngazi kuelekea bustani ya Erindale, kelele za magari zinakatika, hewa inapoa, na unajikuta chini ya mialoni na misonobari na ile miti ya mepo ambayo jani lake liko kwenye bendera ya nchi. Ilikuwa Oktoba. Majani yalikuwa yamegeuka manjano, mekundu na rangi ya kutu, na mtoni samaki wakubwa aina ya salmoni walikuwa wakipanda kutoka ziwani kwenda kutaga. Mmoja alikuwa amekwama kwenye maji yasiyofika magotini, mgongo nje, mapezi yamechanika kwa kupigana na mawe. Mpwa wangu mdogo alisimama ukingoni akimhimiza kwa sauti mpaka akavuka.

Nilitaka kujua kwa nini miti ilibaki bondeni ikaisha juu. Jibu la kwanza ni la mkulima yeyote: mteremko haulimiki. Jibu la pili lina tarehe. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1954 kimbunga kilichopewa jina la Hazel kilifika eneo la Toronto wakati ardhi ilikuwa imeshashiba mvua. Mito ilifurika, watu 81 wakafa Ontario. Sehemu ya mtaa wa Raymore Drive, kandokando ya Mto Humber, ilizolewa na maji pamoja na nyumba zake, na watu 35 wa mtaa huo mmoja wakapoteza maisha. Baada ya msiba huo serikali ilikataza ujenzi kwenye mabonde ya mafuriko, na mamlaka za hifadhi za mabonde zikapewa nguvu ya kununua ardhi hiyo na kuiacha wazi. Mamlaka ya bonde la Credit ilikuwa imeundwa mwaka huohuo wa 1954. Kwa hiyo miti mingi tuliyotembea chini yake imebaki kwa sababu ya waliokufa maji, na nadhani wanaotembea pale wanastahili kulijua hilo.

Jina la mto lina historia yake. Wafanyabiashara wa ngozi za wanyama walikuwa wakiwakopesha bidhaa Wamississauga, tawi la watu wa Anishinaabe, kisha wakija kulipwa kwa ngozi msimu uliofuata. Mto wa mkopo, basi. Watu hao waliingia mkataba na Waingereza mwaka 1805 wakaachia ardhi ya pwani ya ziwa, mwaka 1820 wakaachia karibu yote iliyobaki kando ya mto, na mwaka 1847 wakahama kwenda New Credit, karibu na Hagersville, kilomita nyingi kutoka hapo. Jiji linabeba jina lao. Misitu yao ya misonobari mirefu ilipasuliwa mbao. Njia moja ya matembezi karibu na Erindale bado inaitwa kwa jina la kiwanda cha kupasulia magogo kilichokuwapo bondeni.

Nilitaka kuliona ziwa pia, tukaenda mpaka Rattray, kinamasi kilicho ukingoni mwa ziwa upande wa Clarkson. Ni kinamasi cha mwisho cha aina yake kilichobaki ufukweni kati ya Toronto na Burlington. Palikuwa pajengwe nyumba za kifahari. Wakazi wakapinga kwa miaka mingi, na mwaka 1975 pakawa hifadhi ya umma. Humo unatembea kwenye njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya matope, na ni humo nilipoona mapengo. Visiki vilikuwa vimekatwa sawasawa, vingine vimeshaota uyoga, na juu yake anga tupu.

Ilikuwa miti ya eshi, ile ambayo mbao zake ngumu hutengenezewa mipini ya mashoka na majembe. Mdudu mdogo wa kijani kinachometa, mwenye asili ya Asia, aligunduliwa Detroit na ng'ambo yake Windsor mwaka 2002. Mwaka 2008 akaonekana Mississauga. Funza wake hula chini ya gome, kwenye mishipa inayopeleka chakula cha mti, na mti hufa kuanzia kileleni kushuka chini. Shemeji alinionyesha kipande cha gome kilichoanguka. Ndani yake kulikuwa na vijia vilivyopindapinda, vimejaa unga wa kahawia, na upande wa nje tundu dogo lenye ubapa upande mmoja, ambalo mdudu alitokea. Jiji lilikuwa limepanda mieshi mitaani kwa wingi kwa sababu inavumilia chumvi ya barabarani na udongo mgumu. Ikafa kwa wingi vilevile.

Kuna dawa. Miji kadhaa ya eneo hili, Mississauga ikiwamo, ilichagua baadhi ya mieshi mikubwa na kuichoma sindano kwenye shina, dawa inayotokana na mbegu za mwarobaini. Mwarobaini! Mti tunaouchemsha majani kwa homa, mti ambao Shinyanga na Dodoma umekuwa kivuli cha kila ofisi ya kijiji, ndio uliookoa miti ya Kanada isiyokufa. Nililipokea jambo hilo kwa fahari, na sioni sababu ya kuificha.

Utafiti wa miti ya jiji uliotolewa mwaka 2011 ulihesabu miti takriban milioni 2.1 Mississauga, na ukakuta kwamba matawi yake yamefunika asilimia 15 ya ardhi. Kipimo cha mwaka 2014 kilitoa asilimia 19. Lakini hiyo 19 nayo ni wastani. Kusini, Lorne Park na Mineola, nyumba zimejificha chini ya mialoni iliyokuwapo kabla ya barabara. Ni mitaa ya wenye nafasi. Kaskazini, upande wa Malton na eneo la maghala kuzunguka uwanja wa ndege, unaweza kutembea muda mrefu juani usipate kivuli cha kufutia jasho. Ni jiji moja, meya mmoja, na kodi inalipwa dirisha moja.

Hapo ndipo lilipoanza kunikaa kichwani jambo ambalo safari nzima iliyobaki ilizidi kulithibitisha: asilimia ya msitu wa nchi haimwambii mtu lolote kuhusu mahali anapoishi. Nikamwomba shemeji tuzunguke, kwanza kusini-magharibi, kisha kaskazini, nione zile asilimia 66 za msitu wa jimbo ziko wapi.

Barabara kuu namba 401 inaelekea Windsor, na ukishapita London (ile ya Ontario) nchi inalala kabisa. Mahindi, soya, ngano, mifereji iliyonyooka, na kwa mbali mstari wa miti uliobaki nyuma ya shamba la mtu. Kusini mwa Ontario ndiko kunakofika ncha ya kaskazini ya msitu wa Karolina, wenye aina za miti ambazo huzikuti kwingineko Kanada. Ndiko kwenye udongo bora, ndiko joto lilipo, na ndiko msitu ulipofyekwa karibu wote. Wilaya ya Essex ina msitu usiofika sehemu moja ya kumi ya ardhi yake. Mwongozo wa serikali ya shirikisho kuhusu makazi ya viumbe unataja asilimia 30 kuwa kiwango cha chini kwa bonde la mto. Chini ya hapo ndege na wanyama wanaohitaji msitu huanza kutoweka. Leamington, mji wa nyanya, umezungukwa na vitalu nyumba vya vioo na plastiki vinavyoenda mpaka macho yanachoka, na usiku taa zake huangaza mawingu.

Mbele kidogo ya hapo ni Point Pelee, ncha ya kusini kabisa ya Kanada bara, iliyo kwenye latitudo karibu sawa na Roma. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1918, na ni ndogo, kama kilomita za mraba 15, nyingi zikiwa kinamasi. Ndani yake unaona mizabibu ya mwitu imepanda miti mpaka juu na mikaktasi inayoota mchangani. Nilisimama nikifikiri kwamba nchi yote niliyopita tangu asubuhi ilikuwa na miti namna hii.

Ni rahisi mtu kukasirika akiwa pale, akauliza ni nani aliyeumaliza msitu ule wote. Ndiyo maana nafurahi kwamba tulipitia Buxton.

Buxton iko Chatham-Kent, wilaya jirani, nayo ina msitu kidogo sana. Mwaka 1849 mchungaji Mpresbiteri aitwaye William King alifika hapo na watu 15 aliokuwa amewaacha huru kutoka utumwani Marekani. Ekari 9,000 za msitu mnene na wenye maji zikanunuliwa. Kila familia ya Weusi waliotoroka utumwa iliruhusiwa kununua ekari 50 kwa dola 2.50 kwa ekari, ikilipa kwa muda wa miaka kumi. Masharti yalikuwa makali: nyumba isiwe ndogo kuliko futi 24 kwa 18, iwe na vyumba vinne, ikae futi 33 kutoka barabarani, na mbele yake pawe na uzio. Na shamba lifyekwe. Walikata miti mikubwa kwa shoka, wakachoma visiki, wakachimba mifereji ya kutoa maji, wakapanda ngano na mahindi, wakajenga shule iliyosifika hata wazungu wa jirani wakawapeleka watoto wao. Mwaka 1850 Weusi wa Pittsburgh waliwaletea zawadi ya kengele. Jirani yao huko Dresden, kwenye makazi ya Dawn, Josiah Henson, naye mtoro wa utumwa, alisimamia kiwanda cha kupasua magogo ya jozi nyeusi. Mbao zao ziliuzwa hadi Boston, na mwaka 1851 alizipeleka kwenye Maonyesho Makuu ya London, ile ya Uingereza.

Nilitazama shoka moja kwenye jumba la makumbusho la Buxton. Kwa mtu aliyezaliwa akiwa mali ya mwingine, kuangusha mti kwenye ekari zake mwenyewe kulikuwa ndiyo uhuru wenyewe. Ukichukua ramani ya misitu ya Ontario ukaona Chatham-Kent peupe, ujue katika ule weupe kuna jasho la watu hao pia. Dada yangu, ambaye hakuwahi kufika pale ingawa ameishi nchini humo miaka mingi, alilia, na hatukumharakisha.

Tulirudi kwa njia ya chini, inayofuata Ziwa Erie, tukapita wilaya ya Norfolk. Huku miti ikaanza kuongezeka, na sababu ni mchanga. Walowezi walifyeka Norfolk vilevile, lakini udongo wake mwepesi, ukishavuliwa miti, ulianza kupeperuka. Mashamba yakageuka jangwa la kweli: mchanga ulifunika uzio na watu wakayahama. Mwalimu wa misitu aitwaye Edmund Zavitz alilifanyia kazi tatizo hilo. Mwaka 1908 kikaanzishwa kitalu cha miche cha serikali pale St. Williams, cha kwanza cha aina yake katika jimbo, na mwaka 1909 akatoa ripoti kuhusu kuotesha upya misitu kwenye ardhi zilizoharibika za kusini mwa Ontario. Mamilioni ya misonobari yalitoka hapo. Tulisimama kwenye shamba moja la misonobari hiyo, na bado inaonekana ilipandwa kwa mkono wa binadamu, imesimama kwa mistari, ingawa chini yake mialoni ya mwitu imeshaanza kujipenyeza. Kilichoirudishia Norfolk miti ni kwamba ardhi iligoma. Essex haikugoma, na kwa hiyo hakuna aliyeharakisha kuirudishia.

Safari ya kaskazini nitaieleza kwa ufupi zaidi, maana uzuri wake umeshaandikwa na wengi. Ukitoka Mississauga kwa barabara namba 400, unapita Holland Marsh, kinamasi kilichokaushwa miaka ya 1920, leo bustani nyeusi za karoti na vitunguu. Unapita Barrie, unapita Orillia. Kisha, ukikaribia Gravenhurst, mambo yanabadilika ghafla, kwa namna ambayo sikuitarajia. Mashamba yanakoma. Barabara imepasuliwa katikati ya mwamba wa waridi na kijivu, na kutoka hapo kwenda mbele ni msitu, maziwa na msitu. Miamba ile ni mikongwe ya kiasi cha kutisha, na barafu ya zama za kale iliikwangua udongo wote ikaupeleka kusini. Yaani udongo mzito unaolimwa kusini na upara wa kaskazini vilisababishwa na barafu ileile. Mtu wa Mwanza, aliyezoea miamba, angejisikia nyumbani, isipokuwa kwa baridi.

Hata huku walijaribu kulima. Sheria ya mwaka 1868 iligawa ardhi ya Muskoka bure, ekari 100 kwa mlowezi, kwa sharti kwamba ndani ya miaka mitano awe amefyeka na kulima angalau ekari 15 na kujenga nyumba. Watu walitoka Ulaya na ahadi hiyo mkononi. Waliondoa miti, wakakuta udongo wa kina cha kiganja, na chini yake jiwe. Wengi walihama kwenda nyanda za magharibi. Msitu ukarudi wenyewe juu ya mashamba yao, na leo ukitembea Muskoka unaweza kukuta rundo la mawe yaliyokusanywa na mkulima, yamerundikwa kwa utaratibu katikati ya pori lisilo na shamba.

Tulifika hifadhi ya Algonquin, iliyoanzishwa mwaka 1893, yenye zaidi ya kilomita za mraba 7,600. Tulipanda njia ya mlimani mpaka kwenye jabali linalotazama mashariki. Mbele yetu hapakuwa na nyumba, nguzo wala moshi. Rangi nyekundu na manjano na kijani cha misonobari mpaka upeo wa macho. Watoto walinyamaza, jambo ambalo ni nadra. Lakini msitu ule si kwamba haujaguswa. Katika karne ya 19 wakata magogo waliisaka misonobari mirefu kuliko yote, ikaelea mitoni hadi Quebec na kupakiwa meli za Uingereza, na hata leo katika sehemu ya hifadhi mbao huvunwa kwa mpango. Tofauti kubwa na kusini ni umiliki. Karibu asilimia 87 ya ardhi ya Ontario ni ya serikali (wenyewe huiita ardhi ya Mfalme), na karibu yote iko huku na kaskazini zaidi. Kusini ardhi ni ya watu binafsi, kila mmoja na hati yake. Huku ofisi moja ya serikali inaweza kuamua juu ya msitu mkubwa kuliko mikoa yetu kadhaa. Huko Essex ni lazima uwaombe maelfu ya wakulima mmoja mmoja.

Nikiwa juu ya jabali lile nilifikiri sana kuhusu nyumbani. Tathmini ya kitaifa ya misitu ya Tanzania Bara, iliyotolewa mwaka 2015, ilionyesha hekta milioni 48.1 za misitu na mapori ya miti, zaidi ya nusu ya ardhi yote. Kiongozi akisimama kwenye mkutano akasema nusu ya nchi ni msitu, hajasema uongo. Lakini msitu huo uko Lindi, Ruvuma, Katavi, Tabora. Mama wa Meatu au Kishapu hawezi kwenda kuokota kuni Liwale. Kenya iliandika kwenye Katiba yake ya mwaka 2010 kwamba angalau asilimia 10 ya ardhi iwe na miti, na ni jambo jema, ila Nyeri, iliyo kati ya Aberdare na Mlima Kenya, inaweza kuivuka hiyo kumi mara kadhaa huku mtu wa Wajir akibaki juani.

Na Shinyanga haikuzaliwa tupu. Wazee wetu walikuta miombo na migunga, na ndani yake mbung'o. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, chini ya mtaalamu wake Swynnerton, ikishirikiana na watemi, iliwatoa watu kwa maelfu kufyeka mapori ili mbung'o wakose kivuli, na ng'ombe wapate pa kuishi. Walifaulu. Kisha ikaja pamba, wakafyeka zaidi. Mababu zangu walishika shoka kwa sababu walitaka ng'ombe wao wasife na watoto wao wasiugue malale, na sitawalaumu, kama nisivyowalaumu watu wa Buxton. Mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ngitili, yaani malisho yaliyofungwa, zilizohesabiwa zilikuwa takriban hekta 600 tu. Wataalamu hawakuja na mti mpya. Waliwarudisha watu kwenye desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa masika ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi, na ndani ya eneo lililofungwa visiki vya zamani vikachipua vyenyewe. Miaka kama 15 baadaye ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapewa tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Sehemu ya ngitili hizo imeshaanza kulimwa tena, kwa sababu watu wameongezeka na kila kijana anataka shamba lake. Huo ndio mjadala ambao ningependa uendeshwe kwa takwimu za wilaya kwa wilaya, kata kwa kata, na kila kata ikajiona yenyewe kwenye karatasi.

Nilimweleza shemeji hayo yote njiani tukirudi. Yeye ni mtu wa Tanga, amezoea Usambara na ukungu wake, akawa ananisikiliza kama ninayemsimulia nchi ya mbali.

Kabla sijaondoka tulikwenda kupanda miti. Jiji la Mississauga lilianzisha mwaka 2013 mpango wa kupanda miti milioni moja ifikapo 2032, mwaka uleule ambao Kenya imejiwekea kufikisha miti bilioni 15. Watu wa kujitolea hukusanyika majira ya majani kuchipua na majira ya majani kuanguka. Sisi tulipangiwa kando ya kijito cha Mimico, palepale Malton, mahali ambapo mvua ikinyesha maji ya maegesho yote hukimbilia. Walikuja Wapunjabi wazee na vilemba vyao, wasichana wa Kisomali wa sekondari, familia moja kutoka Kongo iliyosikia Kiswahili chetu ikahamia upande wetu. Udongo ulikuwa mfinyanzi uliokanyagwa na mashine za ujenzi, na sururu iligonga mpaka mikono ikafa ganzi. Msimamizi, dada mmoja mdogo mwenye sauti ya ukali wa wema, alipita kila shimo. Shingo ya mche, pale mzizi unapoanza kutawanyika, isizikwe. Udongo urudishwe uleule, usiongezwe mbolea, mzizi ujifunze ardhi yake. Vipande vya magome vitandazwe kuzunguka mche lakini visiguse shina, la sivyo panya watajificha humo na kulitafuna wakati wa theluji.

Tulipanda mialoni, mimepo, miti ya jozi nyeusi na vichaka vya matunda ya ndege, ikichanganywa makusudi ili pasiwe na aina moja iliyosimama peke yake mstari mzima. Mpwa wangu mkubwa akauliza kama kuna eshi. Msimamizi akamwambia hapana, hawapandi tena. Shemeji alichukua mche wa jozi nyeusi, akauliza unataka maji kiasi gani kiangazi, akaandika jibu kwenye simu yake, kwa sababu kutoka nyumbani kwao hadi pale ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na yeye ndiye aliyejiandikisha kuja kumwagilia.